Mikoko: kupanda, kufungua maji au kujenga ukuta?

Mahali fulani kati ya Lamu na Mtwara, wiki hii hii, kuna kikundi kimekaa chini ya mwembe kinaamua pesa kidogo kilizopata zifanye nini. Ufuo unaliwa. Maji ya kisima yameanza kuwa na munyu. Kaa waliokuwa wakijaza kikapu kabla ya saa nne asubuhi siku hizi hawajai hata kwa kutwa nzima. Mmoja anasema tupande mikoko. Mwingine alifika mjini akaona ukuta wa mawe, anasema na sisi tujengewe. Halafu yuko mzee, mara nyingi mvuvi aliyekwisha kutundika nyavu, anauliza: pale zamani palikuwa na mikoko ambayo haikupandwa na mtu, imekwenda wapi? Kwa kawaida mzee huyu hajibiwi, kwa sababu swali lake halina bajeti.

Naandika ulinganisho huu kwa ajili ya kikundi cha aina hiyo. Njia ni tatu: kupanda miche, kurudisha mapito ya maji ili mikoko ijiotee, na kujenga ukuta. Msimamo wangu nausema mapema ili usihangaike kuutafuta. Sehemu nyingi za pwani yetu ningeanza na njia ya pili, ningepanda pale tu ambapo mbegu haziwezi kufika zenyewe, na ukuta ningeuachia majengo yasiyohamishika. Lakini sehemu nyingi si sehemu zote.

Kila mti na mahali pake

Ukiingia msituni kwa mtumbwi wakati maji yanajaa, wa kwanza kukupokea ni mlilana. Umesimama mbele kabisa, mizizi yake ya kupumulia imechomoza kwenye tope kama vigingi. Nyuma yake unakuta mkoko wenyewe na miguu yake iliyopinda, halafu muia, halafu mkandaa, na huko nyuma karibu na nchi kavu mchu, mvumilivu wa chumvi kuliko wote, ingawa mchu nao una tabia ya kujitokeza mbele mara nyingine. Penye maji baridi ya mto utaona mkomafi na msikundazi. Majina hubadilika kijiji hadi kijiji, muia wa huku ni msinzi wa kule, lakini mpangilio ni ule ule.

Mpangilio huo ni ratiba ya maji. Mlilana huoga mara mbili kwa siku, hata wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hujaa kidogo. Mchu wa nyuma huenda ukangoja bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, ndipo uguswe na maji. Ukiupa mti maji mengi kuliko uliyoyazoea, mizizi inakosa hewa na mti unakufa. Ukiunyima, chumvi inajikusanya kwenye udongo na mti unakauka. Tofauti ya kina cha kiganja kimoja inatosha kuamua nani aishi.

Na viumbe wamejipanga kwa kufuata miti. Kamba wadogo na vifaranga vya changu hujificha kati ya mizizi ya mbele, kaa koko huchimba mashimo nyuma yao, chaza hujibandika kwenye miguu ya mkoko. Katika delta ya Rufiji, yenye mikoko ya hekta zipatazo 53,000, viboko na mamba hushuka na mto hadi ndani ya msitu, na kambamiti wanaovuliwa nje baharini walikulia humo. Kule Mida, karibu na Watamu, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hula kwenye tope la wazi lililo mbele ya mikoko. Narudia: tope la wazi. Tutalihitaji hapo chini.

Kupanda

Sababu ya kupanda kupendwa inaeleweka. Kijiji kizima kinaweza kushiriki, watoto wa shule wanakuja na sare zao, mbegu za mkoko ni ndefu kuliko kalamu na hata mtu asiyewahi kushika jembe anaweza kuzichomeka kwenye tope. Mwisho wa siku kuna hesabu: miche elfu kadhaa. Mfadhili anapenda hesabu, na sisi tunampenda mfadhili.

Shida inaanzia hapo hapo kwenye wepesi. Kwa kuwa mbegu ya mkoko ndiyo rahisi, mkoko ndio unaopandwa kila mahali, hata kwenye kiti cha mlilana. Na kwa kuwa ardhi ya nyuma ina mwenyewe, mwenye hati au mwenye ng'ombe, miche inasukumwa mbele kwenye tope la wazi ambalo halina wa kulidai. Ufilipino walifanya hivyo kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi, na watafiti waliporudi kuhesabu walikuta miche iliyopona kwa jumla ni kati ya asilimia 10 na 20. Miche ilikuwa mizima ilipopandwa. Ilipelekwa tu mahali ambapo mkoko haukuwahi kuishi.

Nilishawahi kusimama kwenye tope hilo mimi mwenyewe. Tulipanda Jumamosi maji yakiwa yamekupwa, tukapiga picha, tukala pilau. Bamvua lililofuata lilichukua safu mbili za mbele. Zilizobaki zilivaa vijidude vya magamba shinani hadi zikainama kwa uzito, na chache zilizopandwa nyuma zaidi zilipata mbuzi. Mwaka uliofuata tulipanda tena pale pale. Hilo la pili ndilo linalonitia haya.

Tena kuna hasara ambayo haionekani kwenye hesabu ya miche. Tope la wazi ni sahani ya ndege, na nyasi za bahari zilizo mbele yake ni malisho ya kasa na ya nguva, ambaye kwa sasa amebaki mmoja mmoja katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Ukifaulu kulijaza eneo hilo mikoko, umechukua makazi ya kiumbe mmoja ukampa mwingine. Mtu anayesema anahifadhi wanyama wa pwani ajiulize kwanza ni mnyama yupi.

Hata hivyo kupanda kuna mahali pake, na mfano uko Gazi, Kwale. Mikoko ya sehemu ya ghuba ile ilifyekwa katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Miti mama ikaisha, mbegu hazikuwa na pa kutokea, tope likabaki uchi kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dakta James Kairo, walianza kupanda pamoja na wanakijiji, na leo unatembea chini ya kivuli. Tazama tofauti: pale palikuwa na msitu, kilichoua kilijulikana, kilikuwa shoka, na shoka lilikwisha kuondoka.

Kufungua maji

Njia ya pili haina picha nzuri. Mwanaikolojia wa Marekani, Robin Lewis, aliyefanya kazi Florida kwa miongo kadhaa, alisisitiza jambo ambalo mzee wetu wa chini ya mwembe angelikubali bila kusoma: mikoko ikipata maji yake ya zamani na mbegu zikiwa karibu, inarudi yenyewe, kila aina kwenye kiti chake, bila kupangiwa. Kazi ya binadamu ni kuuliza kwa nini haikurudi, na kuondoa kizuizi.

Vizuizi vya pwani yetu si siri. Barabara iliyokatisha mkono wa bahari bila kalvati, au kalvati moja iliyojaa taka. Tuta la shamba la chumvi lililoachwa miaka kumi iliyopita. Magogo na mchanga vilivyoziba mdomo wa kijito. Tope lililotoka mashambani juu. Unachofanya ni kwenda kwenye msitu mzima ulio karibu, kupima pale ambapo kila aina ya mti inakaa ukilinganisha na maji, kisha kurudi kwenye eneo lililokufa kuona limezidi au limepungua kwa kiasi gani. Huhitaji mashine. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ule ambao fundi ujenzi anaupatia usawa wa msingi, unatosha. Baada ya hapo ni majembe: kata tuta sehemu mbili tatu, zibua kijito kwa kufuata mkondo wake wa zamani, ngoja.

Neno gumu ni hilo, ngoja. Mwaka wa kwanza unaonekana kama hujafanya kitu. Miche inayojiotea ni midogo na haikupangwa kwa mstari, mgeni anaweza kuikanyaga akidhani ni magugu. Ripoti ya mradi wa miezi kumi na miwili haina pa kuiandika. Nadhani hapo ndipo njia hii inaposhindwa mara nyingi, mezani, kabla jembe halijagusa tope.

Na ina mipaka yake ya kweli. Tuta lina mwenyewe, na mwenyewe hukumbuka kuwa ni lake siku unapotaka kulikata. Mikoko iko chini ya mamlaka ya misitu, Bara ni TFS, Kenya ni KFS, Zanzibar ni idara yake, kwa hiyo hata kuzibua kijito ndani ya msitu kunahitaji barua. Kisha zipo hali ambazo chanzo kiko mbali na jembe lako. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibeba udongo mwingi kutoka bara hadi kwenye mkono wa bahari wa Mwache, Mombasa, mizizi ya kupumulia ikafukiwa na miti ikafa imesimama. Pale ungezibua vijito hadi uchoke. Dawa iko mashambani juu, kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko na kingo za mito.

Rufiji inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Wakulima wa mpunga wa delta ya kaskazini hufyeka mikoko, hulima misimu kadhaa, kisha hulihama shamba pale magugu na kaa wanapozidi nguvu. Shamba likiachwa na maji yakaendelea kuingia, mikoko huweza kurudi bila ya mtu kuwepo. Yakizuiwa, au mimea ya kutambaa ikafunika ardhi, hairudi. Hapo kazi ya kikundi ni kufyeka mimea hiyo na kuelewana na wakulima ni plot zipi zimeachwa kweli. Kuwatisha kwa mgambo kumejaribiwa na hakujamaliza kilimo.

Ukuta

Ukuta una sifa moja ambayo njia nyingine hazina: unafanya kazi siku unapokamilika. Barabara ya baharini Dar es Salaam ilikuwa inaliwa, ikajengewa ukuta, barabara ipo. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, ilikuwa inachimbwa msingi na mawimbi, nayo ikawekewa kinga ya mawe. Sioni mtu mwenye akili timamu angesema ngome ile ingojee mlilana ukue.

Lakini kikundi cha kijiji hakina ngome. Kina mita mia nane za ufuo, minazi, na mialo ya mitumbwi. Ukuta wa kweli, si mifuko ya mchanga, ni fedha za serikali au za mfuko wa kimataifa, na baada ya kujengwa unadai matengenezo maisha yake yote. Wimbi linalogonga ukuta halipotei. Linarudi likiwa limebeba mchanga wa chini ya ukuta, na pale ukuta unapoishia jirani ndiye anayeanza kuliwa. Kasa jike aliyekuja kutaga hawezi kupanda mawe. Na mikoko iliyo mbele ya ukuta imefungiwa: bahari inasonga, nyuma hakuna pa kwenda.

Mikoko nayo tusiisifie kupita kiasi. Tafiti za mawimbi zinaonyesha kwamba msitu wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha wimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66. Pengo hilo kubwa linatokana na aina ya miti, wingi wa mizizi na kina cha maji. Safu tatu za miche si msitu. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, mche wa mwaka mmoja usingemkinga mtu. Ukiambiwa panda leo uokoke masika yajayo, umedanganywa.

Kuna pia mahali ambapo hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayosaidia. Kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani, kilikuwa na miti na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutagia. Miti ikaisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado walirudi kutaga, na ikabidi mayai yahamishiwe ufuo wa bara ili yasizame.

Ardhi ya nyuma

Sasa jambo ambalo vikao vingi hulikosa. Kati ya 2006 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Msitu wa mikoko unaweza kupanda nao, kwa sababu hunasa tope na kujenga sakafu yake kwa mizizi yake yenyewe. Watafiti waliochimba matabaka ya tope la maelfu ya miaka wamekuta kwamba bahari ikizidi milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko mingi hushindwa kuendana nayo. Inabakiwa na mwendo mmoja tu: kurudi nyuma, kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo mahali pa mikoko ya wajukuu ni ule uwanda mweupe wa chumvi ulio nyuma ya michu, ambao kila mtu anauona umekufa. Ndio unaoombewa kibali cha shamba la chumvi, ndio unaomwagiwa kifusi cha hoteli, ndio unaojengewa uzio. Ukinipa hiari kati ya miche elfu kumi na barua ya serikali ya kijiji inayosema uwanda ule hautagawiwa mtu, nachukua barua.

Tope la kujengea sakafu nalo lina safari yake. Mto ndio unaolileta, na bwawa lolote hulizuia sehemu yake. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022 juu ya mto ule ule unaolisha delta ya Rufiji. Umeme tunautaka. Lakini anayesimamia mikoko ya delta ana sababu ya kuuliza maji na tope vitaachiwa lini na kwa kiasi gani, na swali hilo halijibiwi kwa kitalu cha miche.

Na ile iliyosimama?

Nilisema njia ni tatu, ila ya bei nafuu kuliko zote ni kutokata iliyopo. Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni ulioanza 2013 na kupata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa 2017, huuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaishika, kutokana na hekta 117, na sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu uliokuwepo unaolindwa. Mapato ya miaka ya mwanzo yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka, yakaingia kwenye maji ya bomba na shule. Vanga, jirani na mpaka wa Tanzania, wamefuata kwa hekta 460. Si utajiri, na kikundi cha hekta nne kisidanganywe na dalali wa hewa ya ukaa, maana gharama za vipimo na vyeti zinammeza mdogo.

Watu wa Gazi walifanya na jambo jingine la busara: walipanda mivinje nchi kavu ili mwenye kutaka fito na kuni apate pa kwenda. Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, iliishi kwa boriti zilizopakiwa majahazini kwenda Uarabuni hadi usafirishaji ulipopigwa marufuku 1982. Nyumba bado zinaezekwa. Ukizuia shoka bila kutoa fito mbadala, shoka linaingia usiku.

Kwa hiyo, kikundi chako

Kama eneo lilikuwa na mikoko na miti mama bado ipo umbali ambao mbegu inaweza kuelea, fungua maji, weka uzio wa mbuzi, usipande. Kama miti mama imekwisha lakini maji yanaingia na kutoka vizuri, panda, kwa aina iliyokuwepo hapo, na uwaulize wazee ni ipi. Kama hapakuwahi kuwa na mikoko, paache. Ni pa ndege au pa kasa. Kama kuna zahanati au msikiti wa kale unaokaribia kuanguka baharini, dai ukuta, ila udai pia ujulikane utaishia wapi na nani yuko baada ya hapo. Na kama mfadhili amekuja na fedha ambazo haziwezi kutumika ila kwa kupanda, mpeleke nyuma, kwenye kiti cha mkandaa na mchu, ambako watu hawapandi kwa sababu hakupendezi kwenye picha.

Kabla ya kikao kijacho, chukueni mti mrefu, mchome alama kila shubiri, mkausimike katikati ya eneo. Mmoja aende siku ya bamvua, mwingine siku ya maji mafu, waandike maji yamefika alama ipi. Halafu usimikeni mti huo huo ndani ya msitu mzima ulio karibu, mfanye vivyo hivyo. Itachukua mwezi mmoja. Yule mzee aende nao, anajua mahali kijito kilipokuwa kinapita.